Kuongeza Springi si Kuongeza Uwezo wa Gari

Muulize fundi yeyote Isiolo mjini ufanyeje ili pikapu yako ibebe zaidi, na jibu utakalopewa ni moja: ongeza springi. Mfanyabiashara wa mbuzi anayekwenda Merti ataambiwa hivyo. Mpakiaji wa miraa anayekimbiza mzigo kabla haujanyauka ataambiwa hivyo. Na siku hizi mwenye kampuni ndogo ya utalii anayetaka kuweka kijumba cha kulala kwenye bodi ya pikapu, ili awapeleke wageni Shaba, Gotu na kwingine kando ya Ewaso Nyiro, naye ataambiwa hivyo hivyo. Tia mabamba mawili ya springi nyuma, gari liinuke, kazi imekwisha.

Ushauri huo umerudiwa mara nyingi hata umekuwa kama kanuni. Wanaoutoa ni watu wa kuheshimiwa, mafundi waliozaliwa kwenye grisi na madereva wanaoijua kila korongo ya njia ya Merti. Hata hivyo ni ushauri wenye kosa, na kosa lake linaua. Springi haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari. Inachofanya ni kuliinua gari lililolemewa ili lionekane halijalemewa. Gari linapokaa chini nyuma, linasema kweli kuhusu mzigo wake. Mabamba ya ziada hulinyamazisha, na mzigo unabaki pale pale.

Nianze na hesabu, kwa sababu mjadala huu huendeshwa kwa macho na mazoea, na kilo hazihesabiwi hivyo.

Kijumba ninachokizungumzia ni chumba kizima, chenye kitanda, jiko, tangi la maji na makabati, kinachoingizwa kwenye bodi ya pikapu kwa nyuma na kufungwa imara. Safari ikiisha, kinashushwa kikasimama juu ya miguu yake, na pikapu inarudi kwenye kazi zake. Kwa nchi kama yetu ni wazo zuri sana. Gari lile lile linalobeba mifuko ya simenti Jumatatu linaweza kuwa nyumba ya mgeni Ijumaa. Mtafiti wa punda milia, daktari wa mifugo anayefuata ngamia, na familia ya Nairobi inayotaka kuiona kaskazini, wote wanaweza kulala salama bila kutegemea hoteli. Sipingi kijumba. Napinga namna tunavyokibeba.

Chukua Toyota Land Cruiser 79, pikapu ambayo watu wa kaskazini wanaiamini kuliko gari lingine lolote, na ambayo huunganishwa papa hapa Kenya, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Ikiwa na bodi yake na mafuta, bila abiria wala mzigo, ina kilo 2,200 hivi. Huko Australia, kikomo cha uzito wote wa gari hilo kilikuwa kwa miaka mingi kati ya kilo 3,300 na 3,400 kulingana na toleo. Toa moja kwa nyingine: umebakiwa na kilo 1,100, ukibahatika 1,200. Humo ndimo kinapaswa kuingia kila kitu, dereva mwenyewe akiwemo.

Sasa pakia. Kijumba cha wastani chenye kuta ngumu, kilo 600 kikiwa kitupu. Maji lita 120, kilo 120. Watu wawili wazima, kilo 160. Baa ya chuma mbele pamoja na winchi, kilo 110. Tairi la pili la akiba na rimu yake, kilo 40. Jerikani nne za chuma zilizojaa diseli, zaidi ya kilo 80. Betri ya pili na friji, kilo 60. Chakula, vyombo, matandiko, zana na nguo, kilo 120, na hapo umejibana. Jumla inakaribia kilo 1,300. Gari limevuka kikomo chake kabla ya kutoka mjini, na hakuna aliyepakia kwa ulafi. Huu ni mzigo wa kawaida wa watu wawili wenye busara wanaokwenda mahali ambapo maji na mafuta havipatikani kila kona.

Gari hilo litakaa chini nyuma. Mwenyewe ataenda kwa fundi wa springi, na kazi itafanyika hivi: gari linainuliwa kwa jeki, yubolti zinafunguliwa, fungu la springi linashushwa, sentabolti inatolewa, na katikati ya mabamba ya kiwandani linapachikwa bamba nene lililotolewa kwenye lori lililokufa. Bamba likiwa halilingani kwa mkunjo, linatiwa kwenye moto wa makaa hadi liwe jekundu, linapigwa nyundo likunjike, kisha linaachwa lipoe chini au linamwagiwa maji. Yubolti zile zile za zamani, ambazo zimeshavutika, zinakazwa tena. Jioni gari linasimama wima na mwenyewe anafurahi.

Tazama yaliyotendeka hapo. Chuma cha springi hupata uhai wake kiwandani, kwa kupashwa moto hadi kiwango maalumu, kupozwa ghafla kwa mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukikitia kwenye makaa bila kupima joto, umeifuta kazi yote hiyo. Likipoa polepole, bamba litakuwa laini na litalala baada ya muda mfupi. Likimwagiwa maji, litakuwa kama kigae na litakatika kwenye korongo ya kwanza. Na hata bamba lingekuwa zima, unene wake una hesabu yake: ugumu wa bamba hupanda kwa mchemraba wa unene. Bamba lenye unene maradufu lina ugumu mara nane. Kwa hiyo bamba moja la lori ndani ya fungu la pikapu linajibebea sehemu kubwa ya mzigo, na yale mengine yanakuwa wasindikizaji. Ndiyo maana linalokatika mara nyingi ni hilo hilo lililoongezwa.

Lakini tuseme kazi ilifanywa vizuri kabisa, kwa springi mpya za dukani. Bado hoja yangu inasimama. Uzito wa kijumba haumalizikii kwenye springi. Unateremka kupitia yubolti hadi kwenye ekseli, kutoka kwenye ekseli hadi kwenye beringi, kutoka kwenye beringi hadi kwenye rimu na tairi, na ndipo uguse ardhi. Upande wa juu, springi inasukuma chasisi. Uwezo wa mnyororo wote huo ni uwezo wa kiungo chake dhaifu. Fundi ameimarisha kiungo kimoja, tena kile ambacho kilikuwa kikitupa tahadhari.

Anza na beringi. Wahandisi wanajua kwamba umri wa beringi za rola hupungua kwa kasi kuliko mzigo unavyoongezeka. Ukiongeza mzigo kwa robo, umri wa beringi unapungua kwa zaidi ya nusu. Beringi iliyopaswa kukufikisha mwaka kesho kutwa inakuachia njiani mwaka huu. Kwenye Land Cruiser 79 walau uzito wa nyuma hubebwa na nyumba ya ekseli, na shafu kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Kwenye Hilux shafu yenyewe inabeba uzito na kuzungusha kwa pamoja. Anayeichukulia Hilux kama Cruiser kwa sababu ameiongezea mabamba anaiomba shafu ifanye kazi ambayo haikuumbiwa.

Njoo kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba ya uwezo. Namba 112 maana yake kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. 121 ni kilo 1,450. Hivyo ndivyo vipimo vya tairi moja likiwa na upepo kamili. Pikapu nyingi za kutembelea huvaa tairi za 112, maana yake mbili za nyuma zinaweza kubeba kilo 2,240 na si zaidi. Weka mzigo uliozidi, punguza upepo kidogo ili gari lisitingishike kwenye changarawe, kisha endesha saa nane mchana katika joto la nyanda za chini za Isiolo. Tairi linajikunja na kujinyoosha kila mzunguko, joto linapanda ndani kwa ndani, na linapasuka. Hakuna springi duniani inayobadilisha namba iliyoandikwa kwenye tairi.

Chasisi nayo ina kisa chake, na hapa wanaoleta vifaa kutoka ng'ambo wanapotosha zaidi kuliko fundi wa makaa. Wanauza maputo ya hewa yanayokaa kati ya ekseli na chasisi. Ukibonyeza pampu, gari linainuka. Sura yake ni ya kisasa na bei yake ni ya kisasa pia. Lakini fungu la springi hushika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, likagawa msukumo. Puto linaisukuma chasisi sehemu moja, juu ya ekseli. Kijumba kizito kinaning'inia nyuma ya hapo, kinavuta chini. Injini iko mbele, inavuta chini. Puto katikati linasukuma juu. Kila gurudumu likiingia shimoni, chasisi inakunjwa pale pale. Huko Australia, ambako pikapu hubeba vijumba na kuvuta trela kwenye barabara kama zetu, chasisi zilizopinda katikati kwa njia hii si habari ngeni.

Na usidhani kilo zilizo nyuma ya ekseli ni kilo za kawaida. Pikapu ya 79 yenye safu moja ya viti ina mita 3.18 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitundika kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, tuseme maji, tairi la akiba na jerikani kwenye bampa, ekseli hiyo haiongezewi 300. Inaongezewa kilo 394, na zile 94 zimenyakuliwa kutoka kwenye magurudumu ya mbele, yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Springi ngumu zitalisawazisha umbo la gari, lakini kilo 94 hazitarudi mbele.

Nimeziweka breki mwisho kwa sababu ndizo zinazonikera zaidi. Pikapu nyingi za zamani zisizo na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, Land Cruiser na Hilux zikiwemo, zina kidude kidogo juu ya ekseli ya nyuma, kimeunganishwa kwa fimbo kati ya ekseli na chasisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likikaa chini, kidude kinaelewa kwamba limebeba, kinayaruhusu magurudumu ya nyuma kupata nguvu zaidi ya breki. Gari likiwa juu, kinaelewa kwamba ni tupu, kinapunguza breki za nyuma ili yasijifunge na gari kuteleza. Sasa umeongeza mabamba, gari limebeba tani moja na robo na bado liko juu. Kidude kinaambiwa kwamba gari ni tupu. Unapokanyaga breki kwenye mteremko, nyuma panakataa kusaidia wakati ule ule unapopahitaji kuliko wakati wowote. Fundi aliyeinua gari bila kugusa fimbo hiyo amempa mteja wake gari zito zaidi lenye breki pungufu. Na uzito ukipanda, tuseme kutoka kilo 3,300 hadi 4,200, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima katika mwendo ule ule imepanda kwa asilimia 27. Hayo yote mawili hukutana siku moja.

Najua majibu ya wapinzani wangu, na mengine yana uzito.

La kwanza ni la barabarani: Cruiser zimebeba kupita kiasi miaka yote, mbuzi, magunia na watu juu yake, na zinafika. Naam, zinafika, zile tunazoziona. Zilizobaki njiani hazipo kituoni kutoa ushahidi. Na ukitaka ushahidi wa zilizofika, inama uangalie chini yake, nyuma ya kabini na mahali springi inapoishika chasisi. Utaona viraka vya kuchomelea, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikificha ufa wa mwaka fulani. Zaidi ya hayo, magunia hulala sakafuni mwa bodi, chini na karibu na ekseli. Kijumba kinasimama juu kuliko kabini, na kitovu cha uzito wake kimepanda pamoja nacho. Springi ngumu hupunguza kuyumba, dereva akapata ujasiri, lakini hazishushi kitovu hicho hata inchi moja. Gari lisiloyumba linapinduka bila kubisha hodi.

Wafugaji wa Gotu wenyewe wanajua hili kuliko sisi wenye magari. Mborana anayehama hampimi ngamia kwa uimara wa matandiko. Anampima kwa magoti yake, akagawa mzigo sawa kushoto na kulia, na ngamia akigoma kuinuka, vitu vinashushwa. Hakuna anayemfunga matandiko manene zaidi ili aonekane amesimama.

La pili ni la wasomi: mbona Australia wanaruhusu kikomo cha uzito kupandishwa kwa kubadilisha springi? Ni kweli. Huko kuna vifaa vinavyoipandisha Land Cruiser 79 hadi kilo 3,900 na zaidi. Lakini uliza kinachouzwa. Kinauzwa kifurushi kilichojaribiwa kwa breki na kwa uthabiti, springi na shoki zilizopimwa pamoja, wakati mwingine pamoja na ekseli au breki kubwa zaidi, kisha mhandisi mwenye leseni anaweka sahihi na kibati kipya cha uzito kinabandikwa kwenye gari. Tairi lazima ziwe na namba inayotosha, na kikomo cha kila ekseli kinaheshimiwa. Springi ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Sisi tumechukua picha ya kazi na kuacha kazi yenyewe.

La tatu ni la sheria: eti mizani ni ya malori, pikapu haipimwi. Ni kweli kwamba Sheria ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya 2013 inalenga magari ya kuanzia kilo 3,500. Lakini Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 56, inakataza gari lolote kutumika barabarani likiwa na mzigo unaozidi ule uliowekwa na mtengenezaji wa chasisi au uliokadiriwa na mkaguzi. Haisemi lori. Inasema gari. Kwamba askari wa kizuizini hana mizani hakuifuti sheria, wala hakutakufaa siku bima itakapotuma mtu wake kuuliza gari lilikuwa na kilo ngapi.

La nne ndilo ninaloliheshimu zaidi: umaskini. Mwenye pikapu moja hawezi kununua lori, na safari mbili badala ya moja zinakula faida yote. Nakubali kwamba safari mbili ni ghali. Lakini piga hesabu kamili. Weka beringi, tairi, shoki, viraka vya chasisi, na siku ambazo gari limelala chini ya mti likingoja kipuri kutoka Nairobi. Aliyezidisha mzigo hajaiepuka gharama. Ameikopa, na barabara hutoza riba. Tena gharama hiyo hailipwi na aliyetoa ushauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi anabaki Isiolo na ujira wake, mwenye gari anabaki porini na watu wake.

Tusisahau barabara yenyewe. Kabla lami ya Isiolo hadi Moyale haijakamilika katikati ya muongo uliopita, njia hiyo ilijulikana na wasafiri wa dunia nzima kwa kuvunja springi na kumaliza shoki. Leo barabara hiyo, A2, ni laini, na ulaini huo umetulaghai. Mtu anatoka Nairobi hadi Isiolo, gari linateleza, anajisemea limeiva. Kisha anaacha lami kuelekea Gotu na kukutana na changarawe yenye mawimbi, mawe meusi ya volkano na mikondo ya mchanga. Hapo springi ngumu kupita kiasi ni adui. Kazi ya springi ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka huku gari likitulia. Ikiwa ngumu mno, gurudumu linarukaruka juu ya mawimbi badala ya kuyafuata, linapoteza mshiko, na kila pigo ambalo springi ingelimeza linaelekea kwenye chasisi na kwenye maungio ya kijumba. Shoki za kiwandani, zilizopimiwa springi laini, zinashindwa kuzizuia zile ngumu. Mafuta ndani yake yanapata moto na kutoa povu, na baada ya mwendo mrefu zimebaki mirija mitupu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilitukumbusha pia kwamba Ewaso Nyiro ikifurika, njia za huku hukatwa. Gari linalolazimika kugeuka na kuzunguka linahitaji akiba ya nguvu. Lililolemewa halina akiba.

Je, springi zisibadilishwe kamwe? La. Gari linalobeba kijumba mwaka mzima linahitaji springi zake, maana zile za kiwandani zimetengenezwa kwa gari ambalo leo ni tupu na kesho limejaa. Kosa letu ni kuanza na springi na kuishia hapo. Mpangilio sahihi ni huu.

Kwanza pima. Lipeleke gari, likiwa limepakiwa kila kitu na watu wakiwa ndani, kwenye mizani ya magari, iwe ya ghala la nafaka au ya machimbo ya kokoto. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Namba hizo mbili zina thamani kuliko maoni ya mafundi kumi.

Pili punguza. Kijumba chenye kuta za turubai kinaweza kuwa na nusu ya uzito wa kile chenye kuta ngumu. Baa nzito ya mbele si lazima kwa kila mtu. Maji yabebwe ya safari, na tangi lisijazwe kwa sababu tu lina nafasi.

Tatu sogeza mbele na chini. Maji na betri zikae mbele ya ekseli ya nyuma, sakafuni. Bampa la nyuma lisiwe ghala.

Nne vaa tairi zenye namba inayozidi kipimo ulichosoma kwenye mizani, na zijaze upepo unaostahili.

Tano, hapo sasa, nunua springi zilizotengenezwa kwa uzito uliopima, pamoja na shoki zilizolinganishwa nazo, yubolti mpya na bushi mpya. Fimbo ya kidude cha breki irekebishwe siku hiyo hiyo. Chasisi isitobolewe wala isichomelewe ovyo. Mabadiliko ya gari yaandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili yawe na mkaguzi na jina lake.

Na sita, baada ya yote hayo, mizani ikisema bado umezidi, kubali. Pikapu imefika mwisho wake. Tafuta lori dogo au acha kijumba nyumbani.

Kwa mafundi wetu nina ombi moja. Mna mikono na akili za kazi hii. Mteja akija na gari lililokaa chini, msianze na jeki. Muulizeni amebeba nini, na kilo ngapi. Akishindwa kujibu, mpelekeni kwenye mizani kabla hamjalegeza yubolti hata moja. Kwa serikali ya kaunti ya Isiolo, ombi langu ni mizani ya umma ya ekseli, itakayotumika na mwenye mbuzi, mwenye miraa na mwenye wageni, bila faini kwa anayekuja mwenyewe kupima. Kaunti inayopokea watalii Shaba na Buffalo Springs na kupitisha mifugo ya kaskazini nzima inastahili kifaa hicho kabla ya mabango mengine ya kukaribisha wageni.

Na kwako msomaji mwenye pikapu: kabla hujamlipa mtu aliinue gari lako, jua lina kilo ngapi. Kama hujui, hujawa tayari kwenda Gotu.